Mapacha Hawapitani

Sauti ninayoisikia mpaka leo ni ya meno. Meno ya mutoto yakitafuna polepole, kwa adabu, kama muntu anayekula mbele ya wageni, na ndani ya kinywa hamna kitu. Niliisikia saa ya jua kali, wakati sali nzima ya wagonjwa imelala, mikeka imeshushwa madirishani na hata nzi wamechoka. Kra, kra, kra. Kisha kumeza. Kisha tena.

Nitafika huko. Papa Saidi, infirmiye, muuguzi mukubwa aliyenifundisha kazi, alikuwa akisema mugonjwa hasimuliwi kuanzia kwenye maumivu. Anasimuliwa kuanzia kwenye jina lake na nyumba yake.

Basi jina langu ni Anjela. Ninyi wasichana wapya wa sali ya watoto mumeniomba niandike ninayokumbuka, maana nimeacha kazi mwezi uliopita. Sijazeeka, meno yangu yote yako. Ila nimeolewa, tumbo limeonekana, na kanuni ya lopitali haitaki mwanamuke mwenye mimba abebe masufuria ya maji ya moto. "Wewe umestaafu kabla ya kuota mvi," Papa Saidi aliniambia, "mimi nimeota mvi nasubiri kustaafu. Mungu hagawi sawasawa." Masomo yangu ni madogo. Kwa masera, watawa wa misioni, nilijifunza kusoma, kuandika, kushona na kunyamaza, na hilo la mwisho halikunikaa vizuri.

Nilikuja Kindu toka Lokandu, nikinuka samaki, kichwa kimejaa ndoto. Nilidhani lopitali ni mahali pa nguo nyeupe na watu wanaosema taratibu. Siku ya kwanza nilipewa ndoo na burashi. Nguo nyeupe ilikuja baadaye, na haikubaki nyeupe. Kila nilipopiga deki nilijiona niko ndani ya boti, sakafu njo Lualaba, ndiyo mto wenyewe, na mimi naelekea mahali. Maji yalikuwa yakimwagika mulangoni, na Papa Saidi alikuwa akisema, "Kapiteni, umefika. Sasa panguza."

Alikuwa muntu wa Kasongo, mwenye kusali sala zake tano nyuma ya chumba cha dawa, mikono yake mikavu kama majani ya tumbako. Vitu alivyonifundisha havikuwa kwenye kitabu. Sindano ichemke mpaka maji yaimbe, siyo mpaka wewe uchoke kungoja. Tumbo la mutoto liguse kwa mugongo wa mukono kwanza, kwa sababu vidole vinatisha. Kipimajoto ukikung'ute mbali na ukuta (niliuliza kwa nini, siku hiyohiyo nilijua kwa nini). Na zaidi ya yote: ukiingia sali, angalia sahani kabla ya kuangalia uso. "Uso wa mutoto unajua kudanganya mapema," alisema. "Sahani haidanganyi."

Mujue kwamba kwetu lopitali ilitoa kitanda, dawa na amri. Chakula kilitoka nyumbani. Mama wa wagonjwa walipika nyuma ya sali, kila mumoja na mafiga yake, na saa sita ule moshi wa sombe, majani ya muhogo, na mawese uliingia madirishani ukatibu watu kuliko sisi.

Njo katika moshi huo nilimuona Mwa Mbuyi mara ya kwanza. Bwana wake alikuwa Muluba wa Kasai, mufanyakazi wa reli, mwenye kugeuza njia za treni pale stesheni. Kwa watu wa Kasai, mama akizaa mapacha jina lake la zamani linakwisha. Anakuwa Mwa Mbuyi, na baba anakuwa Sha Mbuyi. Aliyetoka kwanza ni Mbuyi, aliyefuata ni Kabanga. Na anachopewa mumoja anapewa mwingine pia: kitambaa kimoja, sahani moja, kitanda kimoja. Mumoja akichapwa, mwingine anapigwa kidogo, kwa heshima.

Wale walikuwa wasichana, wadogo bado, meno ya mbele yanatoka. Kabanga alikuwa akiumwa kichwa kila asubuhi, akitapika bila homa, akitembea kama mulevi anayetafuta mulango. Tulimupa dawa ya malaria, tukamupa ya minyoo. Munganga, daktari wetu, Mubelgiji murefu mwenye sauti ndogo, alimuangalia ndani ya macho kwa taa yake, akaangalia sana, akazima taa. Alisema kuna kitu kinaota nyuma ya kichwa, kwa ndani. Alisema wamupeleke Leopoldville, wamufungue, halafu wamupige miali.

"Miali gani?" Mwa Mbuyi aliuliza.

Papa Saidi alitafuta neno. "Mwanga," alisema. "Mwanga wenye kuchoma ugonjwa ndani ya kichwa, bila moto, na hauonekani."

"Kama hauonekani," yule mama alisema, "wanajuaje umezimika?"

Swali hilo lilinikaa kichwani kuliko mafundisho yote.

Walikwenda, mama na Kabanga. Mbuyi alibaki na baba yake. Mvua zikaja, zikaisha. Siku waliporudi, Kabanga alishuka kwenye treni akitembea sawasawa, mustari mumoja, akicheka, na kambi yote ya reli ikapiga vigelegele. Hakuumwa tena kichwa, hakutapika tena. Nyuma ya kichwa alikuwa na upara wa muviringo, laini kama yai. Niliugusa. Mimi nilitegemea joto, sijui kwa nini. Ulikuwa baridi.

Munganga aliagiza walete mapacha wote wawili kila kiangazi, wapimwe. Kazi ya fimbo ya kupimia urefu ilikuwa yangu. Kiangazi cha kwanza, Mbuyi alipanda, Kabanga alipanda kidogo. Kiangazi cha pili, Mbuyi alipanda, Kabanga alikuwa palepale. Munganga alishika fimbo mwenyewe, akaitikisa akidhani imelegea. Fimbo ilikuwa nzima.

Yule mutoto alikuwa ananenepa kwa upande tu, siyo kwa juu. Nywele za pale nyuma hazikurudi. Na kichwa chake kilikuwa kinavuja maneno. Aliniuliza, "Dada, jina lako nani?" Nikamuambia Anjela. Akafurahi sana, akalirudia. Nilipomaliza kupima dada yake, aliniinulia uso uleule, furaha ileile: "Dada, jina lako nani?" Ya zamani aliyakumbuka yote, hadithi za mama yake, nyimbo za mapacha. Ya leo yalipita ndani yake kama maji ndani ya kitunga.

Kambini wakaanza kusema aliyerudi siye aliyekwenda. Walimubakiza mutoto huko, wakaturudishia kivuli. Mwa Mbuyi alitukanana nao kisimani, lakini siku moja nilimukuta ameketi nyuma ya sali, anamuangalia Kabanga akichezea majivu, na aliniambia chinichini, "Dada Anjela, harufu yake njo ya mutoto wangu. Ninamunusa kila siku, ili nihakikishe."

Nilimuuliza munganga kama miali ile ndiyo iliyomusimamisha. Nilimuuliza kwa Kifaransa changu cha kuokoteza, akanijibu polepole kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. Mwanga uliua ugonjwa, alisema. Labda umegusa na pahali pengine, panapoamuru mutoto akue. "Atakua tena?" "Sijui. Wenye kupigwa miali hii na kuishi ni wachache. Tunajifunza kwao." Nilimupenda kwa neno hilo "sijui". Wakubwa wengi hawana neno hilo.

Kiangazi kilichofuata fimbo ilisema jambo jingine. Mbuyi naye amesimama kukua. Mbuyi, asiyewahi kuona Leopoldville wala mashine yake. Mifupa ya mabega ilikuwa imetoka, macho yamekuwa makubwa, na kwenye mizani alikuwa mwepesi kuliko mwaka uliopita. Kabanga, pembeni yake, alikuwa muviringo na anang'aa.

Munganga aliwalaza wote wawili, maana Mwa Mbuyi hakukubali watenganishwe tena. Alimupima Mbuyi damu, choo, kifua. Hakuona kitu. Ndani ya sali wasaidizi walinong'ona kwamba mwanga unaruka, kwamba uko bado ndani ya kichwa cha mudogo na unavuka kwenda kwa mwenzake wakilala. Mimi mwenye kichwa cha ndoto nilikuwa wa kwanza kuamini. Nilipofumba macho nilikiona kitu kama uzi mweupe kati ya vichwa viwili juu ya muto. Nilianza kuzunguka kitanda kile kwa upande wa miguu. Papa Saidi aliniona. "Unaogopa kukata uzi?" aliuliza. Sikuwa nimemuambia muntu habari ya uzi.

Halafu akashuka Kaku kwenye treni. Kaku ni nyanya, mama ya Sha Mbuyi, mwanamuke mufupi mwenye pipa ya tumbako mudomoni na jibu kabla ya swali. Alikuwa ameishi nao mwaka mumoja kabla, akarudi Kasai, sasa ameitwa. Alisimama miguuni pa kitanda, akaangalia aliyenenepa, akaangalia aliyekonda.

"Wewe papa," akamuambia Papa Saidi, "sema ukweli. Huyu mudogo iko na kula mwenzake, sivyo?"

"Mama, mimi nimeona minyoo ikila watoto. Mutoto kula mutoto sijaona."

"Hujaona kwa sababu unaangalia tumbo. Mimi naangalia kichwa."

"Hata mimi kichwa naangalia. Naona upara. Upara hauna meno."

Kaku hakucheka. Alisema treni ya kurudi itakapoondoka ataondoka na Kabanga, amupeleke kwa wanaojua kurudisha vitu vilikotoka. Sha Mbuyi alikuwa amesimama mulangoni na kofia yake ya reli mukononi. Alisema tu, "Mama, ni mutoto wangu." Kaku akamujibu, "Una watoto wawili. Unataka kuzika wangapi?" Sha Mbuyi akaivaa kofia, akaivua. Mwa Mbuyi alikaa chini kwenye sementi akaweka kichwa kati ya magoti. Sisi wote tulijua: Mbuyi akiendelea kupungua, Kabanga atapanda treni ile, na huko anakokwenda hakuna atakayemuambia jina lake akilisahau.

Njo siku hizo, saa ya jua kali, nikasikia meno.

Niliwaza panya. Nikafuata sauti, kitanda kwa kitanda, nikafika kwao. Kabanga amelala. Mbuyi amelala chali, macho wazi, anatafuna. Nilitaka kukimbia, nasema ukweli, lakini miguu ilichelewa kusikia.

"Mbuyi," nilimuambia, "unatafuna nini?"

"Hakuna."

"Fungua."

Alifungua. Ulimi mukavu, kinywa kitupu.

"Mbona unatafuna?"

"Ili tumbo lidanganyike, dada."

Nilikaa pale pale kitandani, katikati yao, mahali nilipokuwa naogopa. Nilimuuliza chakula cha mama yake kinakwenda wapi. Alinyosha kidole kwa dada yake. Na nikaona, kama muntu aliyefunguliwa dirisha. Sahani moja, mikono miwili. Mwa Mbuyi anaweka sahani ya wali na sombe katikati, anarudi kwenye mafiga. Mukono wa Mbuyi unaingia, unafinyanga tonge, unalipeleka kinywani pa Kabanga. Kisha anatafuna hewa. Kabanga hakumbuki kwamba amekula, basi anafungua mudomo kila mara kama mara ya kwanza. Sahani inarudi safi. Papa Saidi anaangalia sahani, anafurahi. Mara ile moja tu sahani ilidanganya.

"Kwa nini, mama?" Tunawaita wasichana wadogo mama tukiwahurumia.

"Kaku alisema mapacha hawapitani. Mumoja akimupita mwingine, anayebaki nyuma anaitwa, anakwenda." Aliongea kama anayesoma katekisimu. "Mimi nilikuwa namupita. Nilikuwa naona kwenye fimbo yako."

Fimbo yangu! Mimi niliyekuwa nikisema kwa sauti, "Mbuyi amepanda! Piga makofi!"

Niliwaambia wote. Munganga alimuamuru Mbuyi ale; hakula. Alitaja mupira wa kupitisha maziwa puani. Mbuyi akafunga meno. Papa Saidi alimubembeleza kwa hadithi, akashindwa. Mwa Mbuyi alipiga magoti na tonge mukononi. "Kula, mama yangu, kula." Mudomo wake ulisema kula, lakini mukono wake ulirudisha tonge nyuma kidogo, kwa sababu naye alilelewa na neno lile, na mutoto aliuona mukono ule. Hata Kaku, aliyekuwa ameketi chini na pipa iliyozimika, alijaribu. "Nilisema tu kama wazee wanavyosema," alisema. Mbuyi akamujibu kwa heshima, "Ndiyo, Kaku. Nilisikia."

Tukaishiwa. Sahani ilikuwa pale katikati, inapoa.

Kabanga alikuwa ameketi, miguu yake mifupi haifiki ukingo wa kitanda, anatuangalia tukilia, na sijui kama alijua tunalilia nini. Alichukua tonge. Nilidhani atakula. Akalinyosha kwa dada yake.

"Mbuyi," akasema, na yule mutoto sauti yake ilikuwa ndogo kama siku alipoondoka kwenda Leopoldville. "Wewe ulitoka mbele."

Mbuyi akaliangalia tonge.

"Ulitoka mbele. Mama akakubeba. Kaku akasema imekwisha, hakuna mwingine. Watu wakaenda kunawa." Hii ilikuwa hadithi ya mama yao ya kila jioni, hadithi ya zamani, na ya zamani haikuwa inavuja. "Mimi nilikuwa ndani. Giza. Peke yangu. Sikuitwa na muntu. Nilikuya ao sikukuya?"

"Ulikuya," Mbuyi alisema. "Ulikuja nyuma yangu."

"Basi enda mbele. Kula. Mimi njo Kabanga."

Kaku aliweka mukono mudomoni. Alikuwepo siku ile. Njo yeye aliyesema imekwisha. Mbuyi alifungua meno, akapokea, akatafuna. Safari hii sauti ilikuwa nyingine, ya majimaji, ya makamasi na machozi pamoja na wali, na sijasikia muziki unaoishinda.

Musidhani mambo yalitengenea hapo. Jioni, sahani ilipowekwa, Mbuyi alimuangalia dada yake, akangoja. Kabanga alikuwa amesahau yote. Basi nikapata kazi mupya ambayo hakuna aliyeniajiri nayo: kabla ya kila chakula, nikae karibu na Kabanga na kumuuliza, "Kabanga, siku mulizaliwa, nani alitoka mbele?" Naye anaanza, kwa furaha, kama hajawahi kusema: ulitoka mbele, giza, peke yangu, nilikuya ao sikukuya. Na Mbuyi anakula. Asubuhi, saa sita, jioni. Sikumuona Kabanga akichoka, kwa sababu kila mara ilikuwa mara ya kwanza. Mbuyi njo aliyekuwa akisikia yote, na ninafikiri yalimuingia moja juu ya lingine, mpaka yakawa sakafu.

Kaku alipanda treni peke yake. Alilalamika muchele wa huku kwetu Maniema unashibisha haraka. Lakini kabla ya kuondoka alimunusa Kabanga kwenye ule upara, akamuambia jina lake mwenyewe, lile la usichana, ambalo hata Sha Mbuyi hakuwa analijua. Kabanga akalisahau kabla treni haijapiga honi.

Kiangazi kilichofuata Mbuyi alipanda, na kila kiangazi baada ya hicho. Sikupiga makofi, nilisoma kimyakimya. Kabanga alikuwa palepale, na palepale yupo. Munganga wa sasa, aliyekuja badala ya yule, anasema pengine hatapata damu ya wanawake, na ule usingizi wake wa mchana utazidi. Hajui, na anasema hajui. Ninyi mutakaomupokea, mukiulizwa jina lenu mara kumi, jibuni mara kumi. Haumwi kichwa. Anacheka. Mwanga ule ulimuachia maisha, ukachukua malipo yake polepole, na hakuna aliyetuambia mapema kwamba kuna malipo.

Mwezi wangu wa mwisho kazini, Sha Mbuyi alihamishwa kwenda stesheni ndogo huko juu ya reli kwa muda. Mwa Mbuyi aliniletea magauni mawili ya safari nipige pasi, kwa kuwa pasi ya lopitali ni nzito. Kitambaa kimoja, cha bluu, yameshonwa kwa kipimo kimoja. Niliyanyanyua nikaona: kwa Kabanga litakuwa sawa, kwa Mbuyi litaishia juu ya magoti, naye sasa ni musichana wa kuangaliwa.

"Mwa Mbuyi, hili litakuwa fupi."

"Najua," alisema, bila kuniangalia. "Nilishika makasi ili nikate tofauti. Mukono yangu inakataa."

Hakuniomba kitu. Aliyaacha juu ya meza akaenda kufunga mizigo.

Sali ilikuwa imelala. Nilifunga mulango wa chumba cha nguo, nikakaa karibu na dirisha na sindano. Nilifumua pindo la gauni la Mbuyi, nikalishusha mpaka mwisho wa kitambaa, nikalishona upya kwa uzi mweupe, kwa kuwa wa bluu haukuwepo. Kisha nikachukua la Kabanga, lisilohitaji kitu, nikazungusha uzi uleule mweupe kwenye pindo lake lote, bila kuliongeza hata kidogo.